Mifupa Yaungwa, Miguu Yaachwa

Katika siku hizi ambapo mjadala kuhusu bima ya afya umetanda kila mahali, kuanzia bungeni hadi katika vyumba vya walimu, watu wetu wamezoea kuuliza swali moja tu: je, upasuaji utalipiwa? Ni swali la haki. Tangu Oktoba mwaka 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, na anayekatwa fedha ana haki ya kujua zinakokwenda. Hata hivyo, kuna swali la pili ambalo sijalisikia likiulizwa kwa sauti, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Baada ya upasuaji, ni nani atakayemfundisha mgonjwa kutembea?

Siulizi kwa kubahatisha. Mnamo Novemba mwaka 2024, mtihani wa kidato cha nne ukikaribia ukingoni, niliteleza shuleni. Mvua ya vuli ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilikuwa nikishuka vidato vitatu vya saruji vilivyo mbele ya chumba cha walimu, kikombe cha chai mkono mmoja na madaftari mkono wa pili, mguu wa kulia ukaenda upande wake na mwili ukaenda upande wake. Nilisikia mlio kama wa kijiti kikavu. Wahenga walinena kwamba hujafa hujaumbika. Mimi niliumbwa upya mbele ya wanafunzi wangu, nimeketi matopeni, chai imenimwagikia kifuani.

Wanafunzi wa biolojia watanisamehe nikiwarudisha darasani kidogo. Mifupa miwili hushuka kutoka gotini: muundi, ambao ni mnene, na mwenzake mwembamba aliye upande wa nje. Inapofika chini, ncha zake hukibana kimfupa kilicho juu ya kisigino jinsi koleo lishikavyo kaa la moto. Zile nundu mbili tuzionazo pande zote za kifundo cha mguu ndizo meno ya koleo hilo. Zikivunjika zote mbili, koleo halishiki tena, na kimfupa kile huhama mahali pake. Wapasuaji Ramsey na Hamilton walionyesha mwaka 1976 kwamba kikihama kwa milimita 1 tu kuelekea nje, eneo ambalo mifupa hugusana hupungua kwa takriban asilimia 42. Uzito uleule wa mwili hubebwa na sehemu ndogo zaidi, gegedu huliwa, na baada ya miaka michache mtu hutembea kwa maumivu. Ndiyo sababu daktari hachelei kukipasua kifundo na kukirekebisha kwa bamba la chuma na skrubu.

Yangu yalifanywa vyema. Sina neno baya juu ya mkono wa mpasuaji yule. Bima ililipa sehemu kubwa, ndugu na walimu wenzangu wakachanga iliyosalia, na siku ya nne nikapewa ruhusa ya kwenda nyumbani nikiwa na plasta hadi chini ya goti, magongo mawili ya mbao na karatasi. Juu ya karatasi hiyo, baada ya orodha ya dawa, palikuwa na maneno machache: nirudi baada ya majuma sita, kisha tibamaungo. Basi. Tibamaungo ni nini, inaanza lini, inafanywa wapi na nani, hapakuwa na aliyenieleza. Hata namna ya kupanda ngazi kwa magongo sikuonyeshwa. Niliijifunza nyumbani kwa kuanguka mara mbili. (Kwa faida ya atakayefikwa: mguu mzima hupanda kwanza, mguu mgonjwa hushuka kwanza.)

Hapa ndipo penye kinaya. Zamani mfupa uliovunjika ulifungwa plasta kwa majuma na majuma. Mfupa uliunga, lakini kiungo kilikauka, misuli ikanyauka, na mgonjwa akabaki na mguu mzuri wa kutazama usiofaa kwa kazi. Ni kwa kuuchukia ulemavu huo wa pili ndipo madaktari kadhaa wa Uswisi, miongoni mwao Maurice Müller, walipokutana katika mji wa Biel mwaka 1958 na kuanzisha kundi lililokuja kujulikana ulimwenguni kwa herufi mbili, AO. Hoja yao ilikuwa kwamba mfupa ukishikwa imara kwa chuma, kiungo kinaweza kuanza kusogezwa mapema. Chuma, kwa maneno mengine, kiliwekwa ili mgonjwa asikae kama gogo. Sisi tumeichukua nusu ya kwanza ya fikra hiyo na kuiacha ya pili. Twatia chuma, kisha twatia plasta juu yake, kisha twamwambia mgonjwa aende akalale.

Sisemi kwamba plasta ni kosa kila mara. Wako wenye mifupa laini kwa uzee, wako wenye kisukari ambao mishipa yao ya fahamu haiwaonyi wanapojiumiza, wako ambao kano zinazoifunga mifupa miwili ziliraruka pia. Hao daktari ana sababu ya kuwazuia. Lakini mwaka 2024 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 23 za Uingereza kwa wagonjwa 561 waliopasuliwa kifundo. Nusu yao waliruhusiwa kukanyaga baada ya majuma mawili, na nusu wakazuiwa hadi majuma sita kwa desturi ya siku zote. Ilipofika miezi minne, waliokanyaga mapema hawakuwa na hali mbaya kuliko wenzao. Jambo la maana hapa si kwamba kila mtu atupe magongo yake kesho. Jambo la maana ni kwamba swali la lini nikanyage lina jibu la kitaalamu, na mgonjwa anastahili kuketishwa na kupewa jibu linalomhusu yeye.

Plasta yangu ilikatwa katika siku za mwisho za Desemba. Niliuona mguu nikadhani nimepewa wa mtu mwingine. Shavu la mguu lilikuwa limeisha kabisa, ngozi imekauka kama gome, na kifundo kilikuwa kimeganda katika pembe moja kama mguu wa meza. Nilielekezwa kwenye chumba cha tibamaungo. Nilimkuta mtaalamu mmoja, mtu mpole mwenye macho ya uchovu, na benchi lililojaa: wazee waliopooza upande mmoja, akina mama waliowabeba watoto wenye mtindio wa ubongo, vijana watatu wa bodaboda wenye miguu kama wangu. Alinipa dakika zisizozidi kumi, akanitaka nikikunje na kukikunjua kifundo, akaandika tarehe ya kurudi. Ilikuwa majuma matatu mbele. Simlaumu hata kidogo. Mtu mmoja hawezi kuwa kumi.

Nauli yangu kutoka nyumbani hadi hospitali na kurudi ilikuwa shilingi 700, kwa kuwa mguu ule haukuweza kufika barabara ya lami pasipo pikipiki. Hebu fikiria, ndugu msomaji: kijana aliyevunjwa mguu na pikipiki hana budi kupanda pikipiki kwenda kutibiwa mguu huo, na nauli yake yaishinda ada ya matibabu. Si ajabu wengi huenda mara moja wasirudi. Wengine huishia kwa wakanda mifupa wa vijijini, nasi tuliosoma twawacheka. Mimi sicheki tena. Kumkanda kwa nguvu mtu mwenye jeraha bichi ni hatari, hilo lazima lisemwe. Lakini mkandaji huja nyumbani, huushika mguu kwa mikono yake, na kesho hurudi kuuliza umelalaje.

Januari shule zikafunguliwa, nami nikarudi. Wasomaji ambao ni walimu wanajua kazi yetu ni kazi ya miguu. Vipindi sita kwa siku, dakika 40 kila kimoja, darasa la wanafunzi zaidi ya 50 ambamo ukiketi huwaoni wa nyuma wala hawakuoni. Nilifundisha nikiegemea meza. Kufikia saa nane mguu ulikuwa umevimba hadi kiatu hakivuliki. Lakini lililonivunja moyo halikuwa ubao wala meza. Lilikuwa choo.

Nalisema waziwazi, maana kulificha ndiko kunakotuponza. Vitabu vya tiba vilivyoandikwa Ulaya humpima mgonjwa kwa ngazi na kwa kiti: akiweza kupanda, kushuka, kuketi na kuinuka, amepona. Choo cha shule yetu ni cha shimo, kama vilivyo vyoo vya shule nyingi nchini, na kuchutama kwataka kifundo kikunjike zaidi kuliko kutembea au kupanda ngazi. Kifundo changu hakikukunjika. Sitaeleza zaidi. Nilianza kutokunywa maji tangu asubuhi hadi jioni, mwalimu mzima, nikijipangia kiu kwa sababu ya kiungo kimoja. Yule bibi anayeishi peke yake, au Mwislamu anayetaka kuketi katika tahiyatu, au mkulima anayepalilia kwenye mteremko, kila mmoja ana kipimo chake cha kupona, na hakuna aliyeniuliza mimi changu ni kipi.

Aliyeniuliza alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Nilikuwa nimeingia katika duka la M-Pesa sokoni nikitaka kutoa fedha, akaniona nikichechemea. "Mwalimu, shikamoo. Hilo gongo mbona umelishika mkono usio wake?" Niliitikia marahaba kwa mshangao. Kumbe binti huyu alihitimu stashahada ya tibamaungo katika KMTC, akafanya mazoezi ya kazi, akapata leseni kwa mujibu wa Sheria ya Wataalamu wa Tibamaungo ya mwaka 2014, kisha akazunguka na bahasha ya vyeti kaunti tatu asipate kazi. Leseni yake imetundikwa ukutani kando ya kibali cha biashara. Anauza salio na vifuniko vya simu.

Jioni ile alifunga duka mapema. Alianza kwa maswali. Unatembea umbali gani kwenda shule? Choo ni cha namna gani? Usiku maumivu yanakuamsha au la? Kisha akaniambia nisimame nikiuelekea ukuta, kisigino kimekanyaga chini, na nijaribu kuugusa ukuta kwa goti. Akapima kwa rula umbali kutoka ncha ya kidole gumba hadi ukutani. Mguu wa kushoto ulifika sentimita 11. Wa kulia ulifika 2. "Hii ndiyo alama yako ya kwanza, Mwalimu," akasema. "Tutasahihisha kila Jumamosi."

Sijawahi kupata alama mbaya hivyo, wala sijawahi kufurahi hivyo kupata alama. Kwa mara ya kwanza tangu nianguke nilijua niliko na ninakokwenda. Gongo likahamia mkono wa kushoto, mkabala na mguu mgonjwa, ili mwili usiuelemee. Leso ya mke wangu nikaipitisha chini ya nyayo na kuivuta kuelekea kwangu kwa hesabu ya 30, kwanza goti likiwa limenyooka, kisha likiwa limekunjwa, kwa sababu, alivyonieleza, nyuma ya mguu kuna misuli miwili na kila mmoja hunyooshwa kwa namna yake. Kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kikawa chombo cha kutia nguvu. Mwanzoni, nilipoogopa kuukanyaga mguu, alinipeleka kwa jirani mwenye kinu cha kusaga mahindi, akaniweka juu ya mizani, akanitaka niubonyeze mguu hadi kilo 20, kisha 30, ili nyayo ijue maana ya uzito. Wasagishaji walicheka. Nami nilicheka.

Baadaye nikafundishwa kusimama kwa ncha za vidole, miguu miwili kwanza, kisha mmoja. Nikafundishwa kusimama kwa mguu mmoja nikipiga mswaki, macho wazi, na baada ya majuma kadhaa macho nimeyafumba. Nilidhani huo ni mchezo. Akaniambia kwamba kano zilizojeruhiwa zina mishipa ya fahamu inayoujulisha ubongo mguu umekaaje, na mishipa hiyo isipozoezwa tena mtu huteguka mahali pale pale mwaka unaofuata. Kuhusu maumivu alinipa kanuni nyepesi: yakipoa kufikia asubuhi, endelea, ukiamka mguu umevimba kuliko jana, punguza. Alinionya pia kwamba shavu la mguu likijaa ghafla na kuuma, au pumzi ikikatika, nisingoje Jumamosi bali nikimbilie hospitali, maana huenda damu imeganda mshipani.

Mwezi wa Juni rula ilisoma 8. Nachutama. Nakunywa maji.

Sasa nirudi kwenye jambo la umma, kwa sababu hadithi ya mguu wangu haina uzito ikiwa ni wangu peke yangu. Kuna hoja ambayo wakuu wa idara za afya huitoa wanapoulizwa kuhusu tibamaungo: kwamba ni anasa ya mataifa tajiri, kwamba haiwezekani kumpa kila aliyevunjika mguu mtaalamu wa kumshika mkono kwa miezi mitatu. Nitawashangaza kwa kukubaliana nao nusu. Mwaka 2015 watafiti wa Australia walichapisha katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani matokeo ya wagonjwa 214 waliovunjika kifundo, wengine wakiwa wamepasuliwa na wengine hawakupasuliwa. Kundi moja lilipewa mazoezi chini ya usimamizi wa mtaalamu pamoja na ushauri. Kundi la pili lilipewa ushauri peke yake. Waliosimamiwa hawakupona vizuri zaidi kuliko wenzao.

Kuna watakaolishika tokeo hilo na kusema: mwaona, tibamaungo haina kazi. Hawakusoma vyema. Kundi la pili halikuachwa mikono mitupu. Liliketi na mtaalamu wa tibamaungo, likaelezwa afanye nini na asifanye nini, likaonyeshwa. Hicho ndicho kile ambacho mgonjwa wetu hakipati. Kumbe basi kwa wengi waliovunjika pasipo matatizo mengine, tunachowanyima si miezi mitatu ya usimamizi wala mashine za umeme. Ni mkutano mmoja wa kweli. Hoja ya umaskini inaporomoka hapo.

Nayo serikali yetu haijakosa fedha za vyuma. Mwaka 2015 ilitia sahihi mikataba ya kukodisha mitambo ya hospitali 98, mbili katika kila kaunti na nne za kitaifa, kwa shilingi bilioni 38. Ikaletwa mitambo ya vyumba vya upasuaji, ya eksirei, ya kusafisha figo, ya wagonjwa mahututi. Mingine ilikaa ndani ya makasha kwa kukosa wa kuiendesha, na Seneti ikaunda kamati ya kuchunguza. Katika orodha ile ndefu hapakuwa na fungu la tibamaungo. Mwanasiasa hapigwi picha akikata utepe mbele ya binti mwenye rula. Na tangu mwaka 2008, kodi ilipoondolewa kwa pikipiki ndogo, barabara zetu zimekuwa zikileta mifupa iliyovunjika hospitalini kila siku ya Mungu. Tuliongeza wanaovunjika, tukaongeza vyumba vya kuwapasua, tukasahau wa kuwasimamisha.

Ulimwengu, kwa upande wake, umeanza kuamka. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu bilioni 2.4 wana hali zinazoweza kunufaika na huduma za kurejesha uwezo wa mwili, na mwezi Mei mwaka 2023 mkutano wake mkuu ulipitisha azimio la kuziingiza huduma hizo katika kila ngazi ya mfumo wa afya. Azimio la Geneva halimfundishi mtu kuchutama, lakini mwakilishi wetu wa wadi anaweza kuulizwa juu yake wakati bajeti ya kaunti inaposomwa. Aulizwe ni wataalamu wangapi wa tibamaungo wameajiriwa, na wangapi waliohitimu wanauza salio. Aulizwe kwa nini mgonjwa aweza kuruhusiwa kuondoka wodini kabla mtaalamu hajamwona hata kwa nusu saa, na kwa nini karatasi anayopewa haiandikwi kwa Kiswahili anachokielewa, ikiwa na michoro minne au mitano ya mazoezi. Gharama ya karatasi hiyo ni gharama ya kuchapisha mtihani wa somo moja.

Sisi walimu nasi tusijitoe lawamani. Kila muhula wa pili, wakati wa mashindano ya kandanda na voliboli, wanafunzi wetu huteguka vifundo, tukawafunga kitambaa, tukawapa siku tatu, tukawarudisha uwanjani kwa kuwa timu inawahitaji. Kipindi cha mazoezi ya viungo twakigeuza kipindi cha hesabu mitihani ikikaribia. Kumsimamisha mtoto kwa mguu mmoja hadi hesabu ya 30 hakuhitaji uwanja wala mpira, na mwalimu aweza kuona papo hapo ni nani anayeyumba.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka dukani mwashi mmoja wa mtaani kwetu, aliyeanguka kutoka jukwaa la ujenzi na kupasuliwa kifundo miezi miwili iliyopita. Alikuwa na karatasi kama yangu, na alikuwa ameshika gongo mkono usio wake. Nilipoondoka, binti yule alikuwa amepiga magoti sakafuni kando ya ukuta, rula mkononi, akimwomba mteja aliyetaka kutuma shilingi 500 asubiri kidogo.